Naomba ushauri: nakala ya mchoro wa mtambo wa Marly, iwe na ukubwa gani?

Wakuu, nataka kuagiza nakala iliyochorwa kwa mkono ya mchoro wa mchoraji Mfaransa Pierre-Denis Martin wa karne ya 18, ule wa mtambo wa Marly: magurudumu 14 kwenye mto Seine, yakisukuma maji kupanda kilima hadi bustani za mfalme Louis XIV. Ni zawadi ya mzee wangu, fundi pampu mstaafu. Atachungulia kila gurudumu, namjua! Mchoraji wa nakala anasema sentimita 60 kwa 50 zinatosha. Mimi naona magurudumu yatakuwa madoa tu. Niongeze ukubwa au nitafute mchoraji mwingine? Na rangi ya mafuta hukauka polepole: turubai lisafirishwe limeviringishwa, au lije na fremu yake kabisa?