Datsun 240Z inamisi kwa mguu mwepesi: nibadili pointi, niweke elektroniki au nishushe kabureta?

Mtoto_wa_Upanga
Wakuu, heshima kwenu. Nina 240Z ya 1972, injini ile ya L24, silinda sita, kabureta mbili, vyote vya kiwandani. Ni gari ya marehemu baba, ilikaa juu ya matofali miaka mingi, mwaka huu ndiyo imerudi barabarani.

Shida inamisi, yaani cheche inakosa mara kwa mara, lakini kwa kuchagua. Nikitoka Mbezi Beach inawaka mara moja. Kwenye foleni ya Mwenge inanguruma kama cherehani. Ikifika 60 mpaka 80 kwa mguu mwepesi inaanza kwikwi, inashtuka-shtuka mpaka aibu. Nikikanyaga mafuta mpaka chini kwikwi inaisha, gari inaondoka.

Mafundi watatu wamenipa majibu matatu. Wa kwanza: badili pointi na kondensa (vile vya ndani ya distributa, kile kinachogawa cheche kwa plagi; pointi ndiyo swichi inayokata umeme ili cheche itoke). Wa pili: tupa hayo, weka elektroniki, kifaa kinachofanya kazi ya pointi bila swichi. Wa tatu anataka kushusha kabureta zote mbili. Mwezi huu mfuko unaruhusu jambo moja tu.

Kimara_Mwisho
Elektroniki, usijiulize mara mbili. Kisigino cha pointi kinalika, nafasi inapungua, taimingi (wakati wa cheche kutoka) inahama yenyewe. Mimi nilifunga kwenye Peugeot 504, huu mwaka wa tatu sijagusa kofia ya distributa.

Mzee_wa_Gerezani
Kijana wa Kimara, 504 ni 504. Pointi zikichoka zinakuaga kwanza, gari inakuwa ngumu kuwaka, unaelewa. Elektroniki inakufa kimya, tena Chalinze saa nane usiku. Pointi utaziparua kwa msasa ufike nyumbani.

Mwenye mada, weka nafasi ya pointi 0.45 hadi 0.55 mm, ya plagi 0.8 hadi 0.9 mm, halafu uje tuongee. Kondensa ya zamani kama bado nzima usiitupe, za siku hizi nyingine zinakufa ndani ya wiki.

Kimara_Mwisho
Shikamoo mzee. Nimekubali ya Chalinze, ila nani bado anatembea na msasa mfukoni?

Mzee_wa_Gerezani
Marahaba. Mimi.

Dada_Spana
Samahani wakubwa, naona mnaandika dawa mgonjwa hajapimwa. Kaka, kabla ya kutoa shilingi, tujue ni silinda zipi zinakosa. Kwenye injini hiyo kabureta ya mbele inalisha 1, 2, 3 na ya nyuma inalisha 4, 5, 6. Kwikwi ikianza, zima gari ukiwa mahali salama, isubiri ipoe kidogo, fungua plagi zote uzipange kwa namba zake. Tatu za upande mmoja zikiwa tofauti na wenzake, fundi wako wa tatu ana hoja. Ikiwa moja peke yake, tazama plagi hiyo, waya wake, au vali (injini ikiwa baridi, nafasi ya vali ya kuingiza ni 0.20 mm, ya moshi 0.25 mm). Zote sita zikifanana, shida iko kwenye kitu ambacho zote zinachangia: koili, pointi, kondensa, au nyaya zake.

Halafu majaribio mawili ya bure. La kwanza, kwikwi ikianza vuta choki kidogo. Ikitulia, injini inakosa petroli au inavuta hewa mahali. La pili, chomoa mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) unaotoka kabureta kwenda distributa, uuzibe kwa skrubu, uende mzunguko.

Mtoto_wa_Upanga
Dada, leo nimekwenda mpaka Tegeta na kurudi. Plagi zote sita zina rangi moja, kahawia. Choki haikubadilisha kitu. Ila nilipoziba ule mpira, kwikwi IMEKATIKA. Gari imekuwa nzito kidogo, lakini haishtuki hata mara moja. Maana yake nini?

Dada_Spana
Maana yake kabureta ziacheni zilale. Kwa mguu mwepesi vakyumu inavuta sahani iliyobeba pointi, inaizungusha kidogo ili cheche iwahi. Ukikanyaga mpaka chini vakyumu inaanguka, sahani inarudi. Gari ikiwa imesimama hapo kwenye taa, tundu la kabureta bado halijavuta. Ndiyo maana inakuchagulia. Ndani ya distributa kuna waya mfupi wa ethi, njia ya umeme kurudi, kutoka kwenye sahani kwenda kwenye bodi. Miaka hamsini ya kukunjwa na kunyooshwa. Kwa nje unaonekana mzima. Ushike kwa vidole uuvute taratibu.

Kimara_Mwisho
Kwa hiyo angeweka elektroniki ingepona?

Dada_Spana
Nyingi za zile zinazofungwa ndani ya distributa ileile zinategemea ethi ya sahani hiyohiyo. Angelipa, na kwikwi ingebaki. Pia koili ya kiwandani inafanya kazi na rizista yake, huwezi kuchanganya tu koili na vifaa bila kusoma vinataka nini.

Mzee_wa_Gerezani
Binti kanifunga mdomo. Nilikuwa nakwenda kumwambia abadili pointi, na zile mpya zingekaa juu ya sahani ileile. Gari hizi nimeziheshimu tangu ziliposhinda Safari Rally 1971, na 1973 Shekhar Mehta akaja akarudia. Zilipigwa vumbi na tope siku nzima, wala hazikuwa na kompyuta.

Mtoto_wa_Upanga
Nimeuvuta. Plastiki imenyooka kama mpira wa manati, shaba ndani imekatika kabisa, ilikuwa inagusana ikitaka. Nimelehemu kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi, nikauachia ulegevu sahani izunguke bila kuukaza. Nimerudisha mpira wa vakyumu, nimekwenda Bunju na kurudi, kimya. Pointi zimebaki zilezile, pesa nitanunulia matairi.

Swali moja, mzee. Kofia ya distributa ina ufa mwembamba kama unywele karibu na namba 4. Niuache?

Mzee_wa_Gerezani
Ukiuacha, mvua za masika zikianza utarudi hapa. Badili kofia na rota pamoja. Na ile ya zamani usiitupe, niletee Gerezani.