Mtaa wenu ulipewaje jina? Tupeane uzoefu

Wana Unguja na Pemba, asalaam aleikum. Ng'ambo tunao Kwahani, Kwaalinatu, Kwabintiamrani. Watu walikaa pahala, pahala pakawa pao. Sasa Askofu Edward Steere wa Kianglikana: soko la watumwa la Mkunazini limefungwa 1873, Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa lake likawekwa pale pale. Kafa 1882, kazikwa nyuma ya altare. Lakini mpaka leo mtu anapanda gari kwenda Mkunazini, si kwa Steere! Mti wa mkunazi umemshinda askofu. Mtaani kwenu yupo padri, shekhe, fundi au bibi aliyeachia jina? Semeni.

Mtoto wa Mkunazini
Mie nimekulia nyuma ya kanisa hilo. Steere tulimjua kwa zile nguzo tu, zile wanazosema mafundi walizisimamisha kichwa chini yeye akiwa safarini. Kila mgeni lazima aoneshwe. Ila mkunazi ulikuwapo kabla yake bwana, na jina likishakamata halimpishi mtu, hata awe ametafsiri Biblia kwa Kiswahili.

Wa Shangani
Na kanisa la Mtakatifu Yosefu je? Mapadri wamepita wangapi pale, watu wanasema Minara Miwili basi. Kinachoonekana kutoka mbali ndicho kinachotajwa.

Bi Mkubwa
Kwetu padri alifanikiwa. Sitaji mtaa, jamaa zangu wamo humu. Palikuwa na nyumba ya padri mmoja Mwafrika aliyekuwa na kisima. Maji ya bomba yakikatika, sote Waislamu kwa Wakristo tunakwenda na ndoo zetu, na Ramadhani anafungua lango baada ya alasiri ili watu wapate maji ya futari mapema. "Umechota wapi?" "Kwa padri." Makonda wakadaka, ikawa kituo. Padri kahamishwa, kisima kimefukiwa, pamejengwa maduka. Watoto wa leo wanashuka kwa padri wanakwenda madrasa, wala hawashangai. Naona siri ni kisima, hata asingekuwa padri.

Mbweni Juu
Nakuunga mkono bibi. Huku Mbweni misheni ya Kianglikana, UMCA, iliwaweka watu waliotolewa utumwani tangu miaka ya 1870, kanisa la Mtakatifu Yohana lipo, skuli ya wasichana ya Bi Thackeray magofu yake yapo. Kijiji kizima kimeongozwa na wamisheni na bado ni Mbweni. Hakuna aliyekwenda "kwa" mtu pale, maana wote walikuwa wanakaa mumo humo.

Mpemba wa Chake
Sisi njia panda yetu ina jina la muuza urojo, Mungu amrehemu. Pembeni yake tajiri kajenga ghorofa mbili na geti la chuma. Ukitaka kwenda kwake unaambiwa: fika kwa muuza urojo, uliza.

Wa Shangani
Hahaha! Na sheha, kiongozi wa mtaa, akiandika barua anaandikaje?

Mpemba wa Chake
Anaandika jina la shehia. Halafu anayeipeleka anapigiwa simu aelekezwe kwa muuza urojo.