Binti anataka shule ya mseto ya kutwa, mimi nililelewa na shule ya wasichana. Nishaurini

MamaKondele: Habari zenu wadau. Binti yangu yuko gredi ya 9 hapa Kisumu, tunachagua shule ya gredi ya 10. Anataka mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), hapo hatubishani. Ugomvi ni shule: yeye anataka ya mseto, ya kutwa, alale nyumbani.

Mimi nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 1998 katika shule ya wasichana ya bweni, na mpaka leo naila faida yake. Si alama, maana zangu zilikuwa za kawaida tu. Ni kwamba pale hakukuwa na mvulana wa kumwachia kitu. Mdahalo tunaongoza sisi, saketi ya fizikia tunaunganisha sisi, viti vya ukumbini tunabeba sisi. Sasa nina duka la vifaa vya ujenzi, na fundi akija na ramani siombi mtu anisomee. Lakini najiuliza: nampigania mtoto au naupigania ujana wangu?

NyarSakwa: Mpeleke wasichana, mama. Mwandishi Grace Ogot alipita shule za wasichana za Ng'iya na Butere, na bungeni akafika.

Mukhana_Bgm: Enzi hizo msichana alikuwa na shule gani nyingine ya kuchagua? Mimi pia nilisoma wasichana, tena yenye jina. Ukiuliza swali unaambiwa una kichwa kikubwa. Nilitoka na cheti na hofu ya kengele.

MwalimuMstaafu_Nakuru: Nimefundisha fizikia kwenye mseto miaka mingi. Mwalimu akizubaa, wavulana hushika vifaa na wasichana huandika matokeo. Hakuna aliyewakataza, kazi hujigawa yenyewe. Akiwa macho, anawabadilisha zamu na tofauti huioni. Kwa hivyo usinunue jina la shule. Nenda siku ya kawaida, si siku ya wazazi ambapo hata paka amepigwa pasi, uone nani ameshika waya.

MamaKondele: Asante mwalimu. Mukhana, pole dada. Hata sisi tulikuwa na matroni wa namna hiyo, nimemsahau kwa makusudi. Nitazitembelea zote mbili. Niende na binti?

MwalimuMstaafu_Nakuru: Nenda naye, na maswali aulize yeye. Wakimjibu wakikutazama wewe, endeleeni na safari.

Boda_wa_Kibuye: Na upige hesabu ya nauli kabla hamjagombana. Kutwa si bure, mama.