Naomba ushauri: kasha la kompyuta lisilo na kelele, na la kupendeza

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Malindi, Mji Mkongwe, na kompyuta yangu ya mezani naitumia kurikodia taarab chumbani. Kanuni, ile ala ya nyuzi, ikinyamaza tu, uvumi wa feni unasikika wazi kwenye maiki. Inaniuma, maana wapigaji wanajitahidi sana.

Nimeshabadilisha feni ndogo nikaweka za milimita 120 na kupunguza kasi. Kelele imepungua, lakini mchana joto linapanda, na tukirikodi kiyoyozi tunakizima. Nilibandika sponji ndani, joto likazidi, nikaibandua. Skrubu za nyuma nazo zimeshaota kutu kwa hewa ya pwani.

Sasa nimebakisha makasha mawili ya kuchagua: Fractal Define 7, lililofungwa mbele na lenye bitana ya kumeza sauti, au Fractal North, lenye vipande vya mbao mbele na hewa inapita. Moyo uko kwa North. Litakaa vizuri kando ya sanduku la bibi lenye njumu za shaba.

Kwa joto letu, lililofungwa litafaa kweli? Na mbao zile, aliyewahi kukaa nalo pwani, zinahimili unyevu wa masika?