Amplifaya ina fyuzi zake: je, waya wa kutoka kwenye betri unahitaji fyuzi nyingine?

Mkazi_wa_Nakuru:
Habari zenu wanajamvi. Nina Toyota Fielder, nami nimenunua amplifaya ya wati 500 za RMS (nguvu inayoweza kutolewa mfululizo) pamoja na wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12 yenye koili mbili za omu 4 kila moja (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Fundi niliyemwendea hapa mjini amenieleza kwamba, kwa kuwa amplifaya ina fyuzi mbili za ampea 30 ubavuni, hakuna haja ya fyuzi nyingine karibu na betri. Anakusudia kuupitisha waya katika tundu lililopo kwenye bati linalotenga injini na dashibodi, kisha waya wa hasi aufunge kwenye bolti ya mkanda wa usalama. Gari hili ndilo linalowabeba watoto wangu shuleni, kwa hiyo naomba ushauri kabla sijamkabidhi ufunguo.

Fundi_Kondele:
Ndugu, usimkabidhi bado. Fyuzi zilizo ubavuni mwa amplifaya hulinda amplifaya, na hazina uwezo wowote juu ya waya unaotoka kwenye boneti hadi kwenye buti. Fikiria waya huo ukisuguliwa na ukingo wa bati kila gari linapopita kwenye barabara ya murram, mpaka siku moja mpira utoboke na shaba iguse bodi. Umeme utatoka kwenye betri na kurudi kwenye betri kupitia bodi bila kufika kwenye amplifaya, kwa hiyo fyuzi za kule nyuma hazitakatika. Betri ya kawaida ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampea katika shoti ya namna hiyo, waya ukawa mwekundu kwa muda mfupi sana, na waya wenyewe umelala chini ya zulia.

Kwa sababu hiyo fyuzi kuu hufungwa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na ikiwa karibu zaidi ni bora, kwa maana kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kwako ampea 60 zinafaa: ikiwa amplifaya yako ni ya daraja D, ambayo hugeuza takriban asilimia 80 ya umeme kuwa sauti, wati 500 zitadai ampea 45 hivi injini ikiwa inanguruma. Tundu la kwenye bati lazima liwe na pete ya mpira inayoubana waya, na waya usipite karibu na ekzosi wala pedali. Kazi ianze kwa kufungua terminali ya hasi ya betri, na nyaya za manjano za mifuko ya hewa zisiguswe kabisa.

Probox_Kakamega:
Naunga mkono, na ningependa kuongezea kuhusu waya wenyewe, kwa maana ukubwa wa fyuzi hutegemea uwezo wa waya. Pakiti nyingi zilizoandikwa geji 4 (geji ni kipimo cha unene wa waya) huwa na alumini iliyopakwa shaba juu, na alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba. Kwangura uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Waya halisi wa shaba wa geji 4 una takriban milimita 21 za mraba bila kuhesabu mpira, ingawa wauzaji wengine huunenepesha mpira ili waya uonekane mkubwa.

Bolti ya mkanda wa usalama iachwe kabisa. Kazi yake ni kumshikilia abiria wakati wa ajali, na kuilegeza ili kubana terminali chini yake ni kuuchezea uhai wa mtu. Tafuta bati nene la bodi karibu na amplifaya, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha funga terminali ya pete kwa bolti na nati. Waya wa hasi uwe na unene sawa na ule wa chanya, na usizidi nusu mita.

Mkazi_wa_Nakuru:
Nawashukuru sana. Jirani yangu ana muziki wa aina hii na taa za gari lake hufifia kila besi inapogonga. Ameshauriwa kununua betri ya pili. Je, nijiandae kwa gharama hiyo? Na koili hizi mbili ziunganishwe vipi?

Fundi_Kondele:
Injini ikiwa inanguruma, alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, ndiyo inayolisha kila kitu, kwa hiyo betri ya pili humsaidia zaidi anayepiga muziki gari likiwa limezimwa. Jirani yako apime kwanza kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme): muziki ukiwa juu, asome volti kati ya terminali ya hasi ya betri na ile ya amplifaya, kisha afanye vivyo hivyo upande wa chanya. Tofauti ikipita nusu volti, waya ni mwembamba au mahali fulani hapajabanwa vizuri.

Koili zako zikiunganishwa sambamba zitatoa omu 2, na zikifuatana zitatoa omu 8. Soma maandishi ya kwenye amplifaya: ikiwa kiwango chake cha chini ni omu 4, usiipe omu 2, kwa sababu itachemka, na joto letu la huku Kisumu huizidishia mzigo.

Jambo la mwisho, na kwa Fielder ni zito: buti lake halijatengwa na abiria kwa ukuta wowote. Sanduku la wufa ya inchi 12 ni zito, na breki kali hulirusha mbele kwenye vichwa vya watoto. Lifungwe kwa vyuma vya pembe na bolti kwenye sakafu, na kabla ya kutoboa, chungulia chini ya gari uone mahali tangi la mafuta na mabomba ya breki yanapopita.