Fangasi ukeni: kidonge cha kumeza au cha kuweka?

BintiShangani: Habari za jioni wapendwa. Nimemaliza antibayotiki za jino, sasa nawashwa ukeni hadi usingizi sipati. Uchafu ni mweupe, mzito kama maziwa mgando, hauna harufu. Duka la dawa wananipa flukonazoli ya kumeza au klotrimazoli ya kuweka. Nichukue ipi?

MamaMikindani: Pole shosti. Mie nameza, miligramu 150, kimoja tu basi. Cha kuweka kinavuja, asubuhi chupi imejaa chengachenga nyeupe. Ukikitumia, weka usiku ukishalala, na uvae pedi.

Nesi_Masasi: Pole dada. Antibayotiki huua na bakteria wazuri wanaozuia fangasi, ndiyo maana imekuja sasa. Kwa kutibu, dawa hizo hazipitani sana. Klotrimazoli ya miligramu 500 ni usiku mmoja, ya 200 usiku 3, ya 100 usiku 6. Ila una mimba, au siku zako zimechelewa? Kama ndiyo, flukonazoli usiiguse. Tumia ya kuweka, kwa kawaida siku 7. Na kama unatumia dawa za kila siku, hasa warfarini (ya kuzuia damu kuganda), mwambie mfamasia kabla hujameza.

BintiShangani: Sina mimba, hedhi nimemaliza juzi. Dawa nyingine situmii.

BibiNewala: Wajukuu zangu, sisi tulikuwa tukiweka kitunguu saumu.

Nesi_Masasi: Shikamoo bibi. Naomba kisiwekwe kabisa, kinababua ngozi laini ya ndani. Sabuni nayo isiingie ndani, maji matupu kwa nje yanatosha.

Wa_Lindi: Mimi inarudi kila baada ya miezi miwili mitatu. Nilipewa metronidazoli, wapi!

Nesi_Masasi: Metronidazoli haiui fangasi. Hiyo ni ya bakteria, ule uchafu mwepesi wenye shombo la samaki, na ya trikomonasi, kijidudu cha zinaa. Wewe usinunue tena dukani, nenda wachukue kipimo cha uchafu wenyewe, upime sukari na VVU. Ikithibitika ni fangasi, daktari anaweza kukupa vidonge 3 vya flukonazoli, kimoja kila baada ya siku 3, kisha kimoja kwa wiki kwa miezi 6.

BintiShangani: Nachukua ya kumeza. Mume wangu naye atibiwe?

Nesi_Masasi: Kama hawashwi wala hana vipele, hapana. Usipopata nafuu ndani ya wiki, au tumbo la chini likiuma, au homa ikipanda, nenda hospitali.