Watoto wa primary na Kiingereza: tupeane uzoefu, kwenu ni nini kimesaidia?

Mama wa Gredi 4, Umoja
Wazazi hamjambo. Naomba kila mtu aseme kitu amefanya na mtoto wake mwenyewe, si kitu ameskia. Kijana wangu ripoti ya term imekuja na AE, yaani bado hajafika kiwango, kwa English na pia AE kwa hesabu, na hiyo ya hesabu ndio imenishangaza juu huyu mtoto nikimtuma dukani na mia mbili ashajua chenji yake kabla hata mwenye duka hajafungua droo. Tukakaa na zile karatasi za mtihani. Swali linasema "How many more mangoes does Otieno have than Wanjiku?" yeye amejumlisha, juu ameona "more" akadhani ni kuongeza. Nikamsomea kwa Kiswahili, Otieno amemzidi Wanjiku na maembe ngapi, akajibu hata sijamaliza kusoma. Kwa hivyo hesabu anajua, ni lugha inamzuia mlangoni. Nyinyi mmefanyaje?

Ticha wa lower primary, Kayole
Mama, hiyo ya maembe naiona kila mwaka na nashukuru umeketi ukaangalia karatasi yenyewe, wazazi wengi wanaangalia tu ile AE alafu mtoto anagombezwa.

Kuna sababu inatokea gredi 4. Sera ya serikali ni kwamba mpaka gredi 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira ya shule, na hapa Nairobi mara nyingi ni Kiswahili, ingawa private nyingi zinaanza na Kizungu tangu PP1, ile ya chekechea. Ikifika gredi 4 sayansi, hesabu, social studies, zote zinaingia kwa Kiingereza, na hapo mtoto anatakiwa asome ndio aelewe na bado yeye mwenyewe anang'ang'ana kusoma. Ndio unaona masomo matatu yanashuka pamoja wakati shida ni moja.

Kitu cha pili ni herufi. Kiswahili ukiona A ni A, haibadiliki. Sasa mtoto aliyezoea hivyo akikutana na "made" anasoma ma-de na "come" anasoma ko-me, na si mjinga, anafuata sheria aliyofunzwa vizuri. Mimi darasani nawapa maneno kwa ukoo: make, cake, take, lake, tunayasoma kwa sauti mpaka waone wenyewe ile E ya mwisho haitamkwi lakini inabadilisha A. Nasoma mimi kwanza wao wanafuata kwa kidole, tunasoma pamoja, alafu asome peke yake. Wale walipitia Tusome, ule mpango wa serikali wa kufunza watoto kusoma, wanajua huo mtindo. Ilipoanza 2015 jambo kubwa lilikuwa kila mtoto kuwa na kitabu chake mkononi badala ya watano kung'ang'ania kimoja, na hata nyumbani ni hivyo, usishike wewe kitabu, ashike yeye.

Kwa hesabu za maneno, kabla hajaandika chochote mwambie akueleze hadithi ya swali kwa lugha anayotaka. Nani ana nini, tunatafuta nini. Akiweza kukueleza, kalamu ianze.

Baba wa mapacha, Githurai 45
Mi niliishia darasa la nane na Kizungu changu si cha kufundisha mtu. Kwa muda mrefu niliachia mama yao lakini anafanya shifti za usiku, ikabidi. Nilichofanya ni kuwaambia nyinyi ndio mtanisomea mimi. Tunakaa jikoni nikipika, mmoja anasoma ukurasa mmoja wa kitabu cha hadithi, mwingine ananieleza kwa Kiswahili imesema nini, kesho wanabadilishana. Huyu anayeeleza hawezi kulala juu lazima askize ndugu yake. Kama maelezo hayaingiani, nasema hapo sijaelewa, rudia hiyo mstari. Sihitaji kujua Kizungu kingi kuskia kwamba hadithi imekatika.

Siku kitabu hakuna wanasoma pakiti. Juzi msichana alikuwa na pakiti ya unga, akafika "store in a cool dry place", akasimama. Anajua store ni duka. Akasoma tena polepole, akaangalia kabati, akaangalia unga, akasema baba, hapa store si duka, ni weka. Hakuna mtu alimwambia. Niliskia raha sana, nilizima moto kwanza nikamwambia anisomee tena.

Mzazi wa Pipeline
Na tuisheni je? Hapa plot yetu watoto wote wanapelekwa jioni na Saturday, mi nimeona wangu anarudi amechoka na homuweki bado haijaguswa.

Mama wa Gredi 6, Donholm
Pipeline, mi nilitoa wangu tuisheni na sijajuta. Kule walikuwa wanapewa karatasi za mtihani moja baada ya nyingine, wanatia alama, wanasahihishiwa, wanaenda nyumbani. KPSEA, ule mtihani wa gredi 6, tangu ianze 2022 watu wanaona ni kuchagua A B C D basi wanafanya mtoto kuwa wa kubahatisha. Kiingereza hakijengwi hivyo.

Sasa hivi tuko na daftari moja ndogo. Akikosea neno ama akikutana na neno geni analiandika na sentensi yake mwenyewe, si maana kutoka kwa dikshonari, sentensi inayohusu maisha yake. "Borrow" aliandika My brother borrows my slippers and does not return them, na hilo neno halitamtoka tena juu ni kesi ya kweli hapa kwetu. Jioni anafunika sentensi, anaangalia neno, anajaribu kukumbuka, alafu ndio anafunua. Huko kufunika ndio siri. Mtoto akisoma tu noti mara nyingi anaona kama anajua, ukifunga kitabu ukamuuliza umesoma nini anakodoa macho. Basi tunafunga kitabu, anasema anachokumbuka, anafungua kuangalia alichoacha. Sayansi tunafanya vivyo hivyo.

Kingine ni yale maneno ya maagizo. Underline, arrange, complete, opposite, the best answer. Keti naye siku moja muangalie karatasi za zamani, msome maagizo tu bila kujibu chochote. Utashangaa ni alama ngapi zinapotea hapo. Na simu inalala kwa chumba changu, hiyo hatujadiliani.

Cucu wa Kaloleni
Wanangu nimesoma nikafurahi. Sisi enzi zetu ukiongea lugha ya kwenu shuleni unavishwa ile diski shingoni, unatembea nayo mpaka umshike mwingine, na jioni wa mwisho anachapwa. Ilitufanya tunyamaze. Mtoto aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Kwa hivyo nikiskia mzazi anasema nyumbani kwangu ni English pekee, hakuna Kikuyu hakuna Kijaluo, moyo unaniuma.

Wajukuu wangu nawapigia hadithi za sungura na fisi kwa lugha yetu, alafu namwambia mkubwa hebu mwambie yule rafiki yako wa mtaa hii hadithi kwa Kizungu. Anaanza anakwama anachanganya anaendelea. Hadithi tayari anaijua, kwa hivyo kazi yake ni kutafuta maneno tu. Simkatizi kumsahihisha katikati, nangoja amalize, alafu nachukua kosa moja. Moja, mengine siku nyingine.

Mzazi wa Pipeline
Asante cucu. Na Sheng? Wangu akifungua mdomo ni Sheng kuanzia asubuhi.

Ticha wa lower primary, Kayole
Sheng usiipige vita, ndio lugha yake na marafiki, na mtoto anaweza kubeba lugha tatu bila shida mradi kila moja anaiskia vya kutosha. Kinachokosekana ni kuskia Kiingereza kizuri chenye sentensi kamili. Taarifa ya habari ya redio, hadithi ya kusomewa, mtu mzima anayeongea naye bila haraka. Katuni pekee hazitoshi juu anaskia lakini hajibu mtu.

Mama wa Gredi 4, Umoja
Nimewasoma wote, asanteni kwa moyo. Nimeanza ile ya baba wa Githurai, na kwa hesabu sasa kalamu inakaa kando mpaka anieleze swali. Jana tulifanya maswali manne tu tukaacha hapo, lakini yote manne alijua ni kutoa ama kujumlisha kabla ya kuandika. Swali langu lingine, vitabu vya hadithi mnatoa wapi? Dukani kimoja kinaweza kuwa bei ya unga wa wiki.

Baba wa mapacha, Githurai 45
Inama tao. Wale wa kupanga vitabu chini kando ya barabara. Nenda na mtoto achague mwenyewe, mwambie asome ukurasa wa kwanza hapo hapo. Kama anakwama kila mstari, rudisha, tafuta rahisi zaidi hata kama ni cha gredi 2. Bei muongee.

Cucu wa Kaloleni
Hapa kwetu kuna maktaba ya kaunti ndani ya estate, ilikarabatiwa ikapendeza, na watoto wanakaa wanasoma. Kuna ya Makadara pia, na ya Buruburu ile ya KNLS, maktaba ya taifa. Likizo ikifika lete kijana.

Ticha wa lower primary, Kayole
Na kama una bando, ingia African Storybook. Ni hadithi fupi za bure zenye picha, nyingi ziko kwa Kiingereza na pia Kiswahili na lugha zingine za hapa Kenya. Asome ya Kiswahili kwanza aijue, kesho yake asome hiyo hiyo kwa Kiingereza. Zinashuka kwa simu na unaweza kuprinti kwa saiba. Zina ngazi, anzia zile za mstari mmoja kila ukurasa hata kama yeye ni wa gredi 4, na akimaliza moja bila kukwama ndio upande.